Kiinua Mgongo cha Marehemu: Ni Mali ya Nani?

Tumeulizwa swali na ndugu mmoja mkaazi wa Makina, Kibera, mjini Nairobi, nalo ni swali ambalo twadhani limo vifuani mwa watu wengi wa pwani bila ya kutamkwa. Asema: mtu katika jamaa zake alikuwa mtumishi wa serikali, akafariki angali kazini. Katika karatasi za kazi alikuwa ameandika jina la mtu mmoja tu kuwa ndiye atakayepokea fedha zake akifa. Fedha zimetoka, na aliyeandikwa amezipokea zote. Je, ni zake peke yake? Au ni za warithi wote kwa mafungu yao? Na ikiwa serikali imempa yeye, ni nani awezaye kumwambia kuwa si zake?

Hatutaki kulijibu swali hili kwa neno moja, kwani neno moja laweza kumdhulumu mjane, na neno moja jingine laweza kumdhulumu mama wa marehemu. Wala si jambo la watu wa Nairobi peke yao. Ni nyumba gani ya Mombasa, Lamu au Malindi isiyokuwa na mtoto wake relini, shuleni, hospitalini au katika polisi? Na wangapi katika hao wamepanga chumba Kibera au Kawangware, wakawaacha mama na ndugu pwani, na huko huko bara wakaoa? Mtu huyo akifa, habari hufika pwani kwa simu kabla ya magharibi; watu wakasafiri usiku, na maiti akazikwa kwa haki zake zote. Kisha siku zikipita huanza mazungumzo mengine, ya sauti ya chini, nayo ni juu ya fedha.

Kwa kuwa muulizaji ni mtu wa Kibera, na tuanze na Kibera yenyewe, maana mji ule ulizaliwa na swali hili hili. Wazee wa Kinubi walikuwa askari. Mababu zao walitoka Sudani katika jeshi la Emin Pasha, na mwaka 1891 Lugard akawachukua huko Kavalli, karibu na Ziwa Albert, waitumikie kampuni ya Kiingereza. Baadaye wakaingia katika jeshi la KAR lililoundwa mwaka 1902. Askari hao hawakupewa pensheni. Badala yake, tangu mwaka 1904 hivi, waliruhusiwa kukaa katika msitu uliokuwa nje ya Nairobi, wakauita Kibra kwa lugha yao, na mwaka 1918 serikali ikaitangaza ardhi hiyo, eka zipatazo 4,197, kuwa ni ya kijeshi. Askari aliyetimiza miaka 12 jeshini aliweza kupata cheti cha kujenga na kulima humo.

Wazee wale walifahamu kuwa ardhi ile ni ujira wao. Serikali haikufahamu hivyo. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Sir Morris Carter, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 1934, ilisema kuwa Wasudani wa Kibera ni watu wanaokaa kwa ridhaa ya serikali tu, maadamu serikali yapenda. Tazama, ndugu msomaji, tofauti iliyopo baina ya maneno mawili: haki na hisani. Kitu kikiwa ni haki, mtoto hukirithi. Kikiwa ni hisani, mwenye kutoa aweza kuufumba mkono wake siku yule aliyemfadhili akifa. Eka zile zilipunguka kizazi baada ya kizazi, na hati ya jumuiya ya Wanubi ilipotolewa mwaka 2017 ilikuwa ya eka 288.

Na hao angalau walikuwa na cheti. Wapagazi wa Vita vya Kwanza, ambao jina la kikosi chao limebaki katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi, na mishahara ya wengi katika waliokufa haikuwafikia jamaa zao kwa kuwa majina na vijiji vyao havikuandikwa sawasawa. Sanamu za askari na wapagazi zimesimama Nairobi na Mombasa hadi leo, na maandishi yake yaahidi kuwa wana watayakumbuka majina ya baba zao. Wana waliyakumbuka. Daftari ndilo lililosahau.

Tumeyaleta haya kwa sababu ufunguo wa swali letu umo humo humo. Fedha inayotoka baada ya kifo cha mtumishi, kwanza yapasa tuulize: ilikuwa ni haki yake kabla hajafa, au ni hisani waliyofanyiwa watu wake baada ya kufa? Iliyokuwa haki yake ni tirka, nayo hugawanywa kama Mwenyezi Mungu alivyogawanya katika Suratun-Nisaa. Iliyo hisani kwa walio hai ni ya huyo aliyekusudiwa, wala haiingii katika mafungu, kwa kuwa marehemu hakuimiliki hata dakika moja. Wanazuoni wengi wa zama zetu waliotazama mambo ya maashi na akiba za wafanyakazi wamepita katika njia hii, na sisi twaona ndiyo iliyo sawa.

Ubaya ni kuwa fedha zote hizi hutoka katika ofisi moja, huingia katika benki moja, na watu huziita kwa jina moja: “pesa za marehemu”. Hapana budi kuzipambanua.

Mshahara wa siku alizofanya kazi na hazijalipwa, huo hauna mjadala. Ni deni analodai marehemu, na deni analodai ni mali yake.

Kisha kuna akiba. Mfuko wa NSSF ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, na kwa sheria ya mwaka 2013 mfanyakazi hukatwa sehemu 6 katika kila 100 za mshahara unaohesabiwa, na mwajiri hutia 6 nyingine. Watumishi wa serikali nao wana mpango wao ulioanza tarehe 1 Januari 2021: mtumishi hutoa 7.5 katika kila 100, baada ya kuanza kwa kiwango kidogo katika miaka miwili ya mwanzo, na serikali humtilia 15. Wapo wasemao kuwa fungu alilokatwa mfanyakazi ni mali yake, ama fungu la mwajiri ni zawadi. Sisi hatuoni hivyo. Mwajiri haitoi sehemu yake kwa ukarimu. Huitoa kwa sababu mtu huyu amefanya kazi, na kazi ile haimfungi mtu mwingine. Huo ni ujira uliocheleweshwa. Basi akiba yote, ya huku na ya huku, ni tirka.

Ama pensheni ya zamani ya serikali, ile isiyokuwa na makato ya kila mwezi, hiyo ina utata, na utata wenyewe umeandikwa katika sheria. Sheria ya Pensheni ya Kenya, ambayo mifupa yake ni ya zama za Waingereza, yasema kuwa hapana mtumishi mwenye haki kamili ya kulipwa pensheni kwa ajili ya kazi aliyokwisha kuifanya. Mtu wa Kibera akiyasoma maneno hayo huijua sauti yake. Lakini sheria hiyo hiyo, mtumishi akifa angali kazini, hutoa kiinua mgongo cha kifo na kukielekeza kwa msimamizi halali wa mali ya marehemu. Na kwa wategemezi hutoa pensheni ya miaka mitano. Twaona basi kuwa mtoaji mwenyewe amepambanua. Kile alichokitia mkononi mwa msimamizi wa tirka, amekitia katika tirka, na kigawanywe humo. Kile alichowapa wategemezi kwa sababu ya kutegemea kwao, kiwe chao. Wala ami wa watoto asije na karatasi ya mafungu kudai sudusi katika pensheni ya mayatima.

Kuna ndugu watakaotuuliza juu ya faida ambazo mifuko hii huzipata katika hati za serikali, na ikiwa zina riba. Hilo ni somo la peke yake na hatutalichanganya na hili.

Sasa turudi kwa yule aliyeandikwa jina. Hapa ndipo penye ugomvi, kwa sababu sheria mbili za nchi zimekutana na kila moja yatazama upande wake. Tangu mwaka 1990 Sheria ya Urithi ya Kenya imewatoa Waislamu katika hukumu zake za kugawanya mali ya maiti, na Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 170, yaipa Mahakama ya Kadhi uwezo wa kuhukumu mirathi pale wote wanaohusika wakiwa ni Waislamu na wakaikubali hukumu yake. Huo ni mlango uliofunguliwa. Lakini Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997 yasema kuwa mafao ya mwanachama aliyekufa si sehemu ya mali yake ya kusimamiwa. Wadhamini wa mfuko watayalipa kwa kufuata kanuni za mfuko. Basi sheria moja yamwambia Mwislamu, “Gawanya tirka yako kwa dini yako,” na ya pili yamwambia, “Lakini hii si tirka.”

Mwenye kutaka kula peke yake husimama baina ya milango hii miwili. Akiulizwa na kadhi hujibu kuwa serikali imempa. Akiulizwa na serikali huonyesha jina lake katika fomu.

Sisi twasema kuwa sheria ile imekusudia jambo jingine, nalo ni jema: fedha zisikwame miaka na miaka mahakamani hali watoto wana njaa. Imeeleza njia ya kulipa. Haikumwambia aliyelipwa kuwa amesamehewa na Mola wake. Kadhalika fomu haikukusudiwa kuwa wasia. Na hata tukisema ni wasia, hukumu ya wasia yajulikana na kila aliyesoma vitabu vidogo vya chuoni: hauvuki thuluthi, wala haumfai mrithi ila wenziwe waridhie. Kijana wa miaka 22 aliyepewa karatasi na karani siku ya kwanza ya kazi, akaandika jina la kaka yake kwa kuwa hakuwa na mke wala mtoto, je, tuseme aliwaandikia wanawe wasiozaliwa ufukara? Ndugu zetu wa Malaysia walikutana na jambo hili mapema, na mwaka 1973 baraza lao la fatwa la taifa likaamua kuwa aliyeandikwa jina katika akiba ya mfanyakazi Mwislamu ni msimamizi wa kuwafikishia warithi, si mmiliki. Nasi twashika hivyo kwa yale yaliyokuwa haki ya marehemu. Jina katika fomu ni jina la mchukuzi wa amana.

Na tufanye hesabu, maana katika mirathi maneno bila ya hesabu hayatoshi. Tuseme Zaidi alikuwa mtumishi wa serikali, mkaazi wa Kibera. Amemwacha mke, binti wawili, mama aliye Lamu, na ndugu mmoja wa kiume wa baba mmoja na mama mmoja. Fomu ina jina la ndugu. Baada ya kutoa gharama za maziko na kulipa madeni, akiba iliyobaki ni shilingi 960,000. Mke apata thumuni, shilingi 120,000. Binti wawili wapata thuluthi mbili, shilingi 640,000, kila mmoja 320,000. Mama apata sudusi, shilingi 160,000. Zimebaki shilingi 40,000, nazo ndizo za ndugu kwa uasaba wake. Basi huyu aliyepokea shilingi 960,000 benki, mali yake ndani yake ni sehemu moja katika 24. Zilizobaki amezibeba, na akizila amekula mali ya mayatima, na Qurani imeeleza ni kitu gani aingizacho tumboni mla mali ya yatima.

Igeuze sasa. Fomu ina jina la mke wa Kibera, na Zaidi alikuwa na mke wa pili Kawangware, pamoja na watoto wa nyumba zote mbili. Thumuni ile ni ya wake wawili, nusu kwa nusu, na mama wa Lamu fungu lake liko pale pale. Mke wa Kibera hana ruhusa ya kusema kuwa yeye ndiye aliyeandikwa. Wala wa Kawangware hana ruhusa ya kuchukua zaidi ati kwa kuwa mwenziwe alimficha.

Tumesema “baada ya kulipa madeni”, na neno hili twataka tulikalie kidogo, kwa kuwa limesahauliwa kuliko yote. Wakisema watu kuwa mafao si tirka, hukusudia pia kuwa wadai wa marehemu hawana njia. Mwenye duka la Makina aliyemkopesha Zaidi unga na mafuta miezi mitatu, akija baada ya maziko huambiwa kuwa marehemu hakuacha kitu. Vipi hakuacha kitu? Aliacha akiba ya kazi yake. Ikiwa sheria ya nchi yamzuia mdai kuikamata, haimzuii mrithi kuilipa, na roho ya marehemu yangoja malipo hayo. Ama gharama za maziko ni sanda, kaburi na yaliyo lazima. Pilau ya watu mia mbili haimo, nayo mara nyingi hupikwa kwa fedha za mtoto ambaye hajajua kuzungumza.

Na deni la kwanza katika nyumba nyingi ni mahari. Hapa twawaomba wanaume wasome kwa utaratibu. Mahari iliyotajwa mbele ya mashahidi na haijalipwa haikufa kwa kufa mume. Ni deni, na hutolewa kabla ya mtu yeyote kutajiwa fungu lake. Tuseme mahari ya mke wa Zaidi ilikuwa shilingi 100,000 na hakupewa hata senti. Basi hizo hutoka mwanzo, kisha thumuni yake huja juu yake. Wangapi katika wajane wetu wameambiwa hayo? Mashekhe huitwa kuja kueleza mafungu, na swali la mahari huwa halikuulizwa na mtu.

Tunafahamu pingamizi inayokuja, na si pingamizi dhaifu. Mwanamke wa Kibera atasema: “Mimi ndiye niliyeamka alfajiri kumfulia sare yake. Mimi ndiye niliyekaa naye chumba kimoja chenye kuvuja, nikauza viazi sokoni Toi ili mshahara ufike mwisho wa mwezi. Leo mwaniambia thumuni, na ndugu yake aliyekuja mara mbili kwa miaka kumi ana fungu?” Mtu asiyetikisika kwa maneno haya ana moyo mgumu. Wala hatupendi mtindo wa wale waikumbukao sharia siku ya kugawanya tu, hali siku ya kulisha hawakuwapo.

Twajibu kwa mambo haya. Kwanza, mahari yake, kama tulivyosema. Pili, mafungu ya watoto ni mali ya watoto, na yatumike kwa chakula na shule zao. Ami hana mkono ndani yake. Tatu, pensheni ya wategemezi, iwapo ipo, ni yao kamili. Nne, mume aliye hai ana mlango mpana: aweza kumpa mkewe hiba na kumkabidhi leo, akiwa mzima wa mwili na akili, bila ya kuwanyima wengine kwa hila. Kiwanja, cherehani, fedha katika akaunti yake mwenyewe. Kila kilichokabidhiwa kweli ni chake na hakingoji kifo. Mume asemaye ampenda mkewe na hakumkabidhi kitu, bali ameandika jina lake katika fomu tu, amemwachia ugomvi. Na la tano lawahusu ndugu wa kiume: sharia iliyompa ami fungu la uasaba ndiyo hiyo hiyo iliyomtia katika wajibu wa kuwatazama watoto wa ndugu yake wakiwa maskini. Akichukua kwa mkono wa kulia ajue kuwa wa kushoto umekwisha kutiwa mzigo.

Kuna mambo mawili maovu yanayofanyika, na twayataja kwa ufupi kwa kuwa hayana utata.

La kwanza ni kuficha kifo. Mzee mstaafu amekufa, na pensheni yaendelea kuingia benki. Kijana anayo kadi na namba ya siri, naye huchukua kila mwezi. Au bibi aliyekuwa akipokea shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango uliofunguliwa mwaka 2018 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, amezikwa, na jina lake halijapelekwa kwa chifu. Fedha hizo si tirka, wala si za wategemezi. Ni za umma, zimetolewa kwa mtu aliye hai, na huyo hayuko. Wengine husema serikali nayo yaiba. Na iwe yaiba; kila mwizi ataulizwa wizi wake. Na ajabu ni kuwa kifo kikifichwa ili kuchuma shilingi elfu mbili, huenda haki kubwa zaidi za familia zikachelewa, kwa kuwa pasipo cheti cha kifo hakuna ofisi itakayofungua faili.

La pili ni nikahi za siri za wajane. Mpango wa zamani wa pensheni za wajane na watoto, ambao watumishi wanaume walikuwa wakikatwa 2 katika kila 100, humpa mjane maadamu ni mjane, akiolewa humkatikia. Basi wako wanaoolewa kwa kificho, mume akaingia kwa mlango wa nyuma, ili pensheni isikatike. Hatumlaumu mjane kwa kutaka mume, dini imemhimiza. Lakini nikahi isiyotangazwa ina aibu yake, na kupokea fedha kwa jina la ujane hali ana mume ni uongo wa kila mwezi. Na ubaya wake haukomi hapo, kwani mume huyo wa siri akifa, mwanamke huyu atathibitisha kwa nini kuwa alikuwa mkewe?

Jambo hili la kuthibitisha ndilo linalowavunja watu wa Kawangware. Wengi huko, kuanzia Gatina hata Congo, hulinda malango na kufanya kazi katika nyumba za Lavington. Wengine hukatwa NSSF na tajiri, na makato hayafiki. Tajiri huyo amekula mali ya mayatima kabla hawajawa mayatima. Wengine wameozwa na shekhe mbele ya mashahidi, nikahi sahihi kabisa, bila ya karatasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imezitia nikahi za Kiislamu pia katika uandikishaji, na siku ya kifo karani haulizi masharti ya nikahi; auliza cheti. Watoto wasio na vyeti vya kuzaliwa huwa kama hawakuzaliwa. Wanubi wa Kibera walipata tabu ya namna hii kwa miaka mingi katika vitambulisho, hata Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto ikaamua mwezi wa Machi 2011 kuwa Kenya imewadhulumu watoto wao. Na mali ambayo mwenyewe hakupatikana hupelekwa kwa mamlaka iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011 kuhifadhi mali zisizodaiwa, ikakaa huko. Imamu aozeshaye na kuwaacha maarusi waende zao bila ya kuandikishwa asidhani kuwa kazi yake imekwisha kwa kula tende.

Limebaki swali moja tuliloletewa pamoja na lile la kwanza, nalo ni la ndugu waliosilimu. Nao si wachache Kibera na Kawangware. Kijana amesilimu, ameajiriwa serikalini, na mama yake mzazi, aliyemlea kwa jembe huko kwao, si Mwislamu. Auliza: nikifa, mama hatapata kitu, kwa kuwa dini zetu ni mbali mbali?

Katika mafungu ya mirathi, ndivyo, hana fungu. Lakini kwa sababu hiyo hiyo yeye si mrithi, na asiye mrithi aweza kuusiwa. Kijana huyu na aandike wasia leo, mbele ya mashahidi wawili, kuwa mama yake apewe katika mali yake kiasi kisichovuka thuluthi. Katika fomu ya kazi na amtaje kuwa ni mtegemezi wake, maana ndivyo alivyo, ili yale yatolewayo kwa wategemezi yamfikie bila ya mtu kumhoji. Na aliyeandika fomu yake kabla ya kuoa, au kabla ya kuzaliwa mtoto, au kabla ya kusilimu, aende aombe fomu nyingine. Hairuhusiwi kwa mtu mwingine kuibadilisha akisha kufa. Nakala ya wasia isiwekwe kabatini kwa siri. Ampe imamu wa msikiti wake nakala moja, na nyingine apewe yule ndugu anayehofiwa kuwa atabisha.